Darasa la kwanza wanatoka saa sita, mimi narudi saa moja usiku: wenzangu mnafanyaje?

Mama wa Tabata

Habarini wazazi wenzangu. Jambo hili limenikaa kooni tangu Jumanne na sijapata wa kumwambia, ndiyo nimeamua kuliandika hapa. Ni refu kidogo, mniwie radhi.

Mimi ni fundi cherehani. Nashona sare za shule kwenye duka la mtu Kariakoo, mtaa wa Kongo: mashati, kaptula, sketi za marinda. Nimepanga chumba kimoja Tabata na nina watoto wawili. Wa kike yuko darasa la saba, wa kiume kaanza la kwanza Januari hii. Baba yao yuko machimboni Geita, anatuma anapopata. Mimi natoka nyumbani saa kumi na mbili kasoro, wao wanatoka pamoja saa kumi na mbili na nusu, na kurudi kwangu ni saa moja usiku, foleni ya Buguruni ikikubali. Dada mtu ana mtihani Septemba, kwa hiyo darasa lao linabaki shuleni mpaka saa kumi na moja jioni. Huyu mdogo anatoka saa sita mchana.

Saa sita. Kuanzia hapo mpaka dada yake arudi ni saa tano nzima, na kwa mtoto wa miaka sita saa tano ni siku nyingine.

Mwanzoni alikuwa anapitia kwa bibi mmoja jirani yetu, anakula huko, analala huko. Baada ya Pasaka yule bibi kachukuliwa na mwanawe, wakahamia Chanika. Dada wa kazi siwezi; mshahara wake sina, na hata ningekuwa nao, alale wapi? Nikafanya wanavyofanya wengi. Nikafunga ufunguo kwenye kamba, nikamvalisha shingoni ndani ya shati, nikamwambia: ukifika fungua, chakula kipo kwenye hotipoti, kula, jifungie kwa ndani, lala, usimfungulie mtu. Akaitikia. Kila jioni nikirudi nawakuta wote wawili wako ndani. Namuuliza, umekula? Nimekula mama. Nikaamini mambo yanakwenda.

Jumanne umeme ulikatika dukani mchana, tajiri akaona hakuna kazi, akaturuhusu. Mvua ilikuwa inanyesha. Nimefika nyumbani saa tisa na dakika kadhaa, mwanangu nikamkuta amelala barazani, kwenye sakafu, mgongo umegusa mlango. Begi kaliweka kichwani kama mto, madaftari kayatoa kayafunga kwenye mfuko wa nailoni yasilowe. Viatu vimepangwa pembeni, pea sawa sawa, soksi juu yake. Ufunguo kaushika mkononi.

Nikamwamsha. Mbona hujafungua? Akasema, sifikii.

Wiki tatu nyuma wezi waliingia chumba cha jirani. Mwenye nyumba akaleta fundi, akabadilisha makomeo ya vyumba vyote na kuyapandisha juu. Nilikuwepo siku hiyo, nikamshukuru. Urefu wa mtoto haukunijia kabisa kichwani. Kumbe tangu siku hiyo anakaa barazani mpaka dada yake arudi saa kumi na moja, ndipo wanafungua na kula pamoja. Kwa hiyo aliposema nimekula hakudanganya. Na dada mtu naye alidhani mwenzake anachelewa kwa kucheza. Nikamuuliza, kwa nini hukuniambia? Akanionyesha mlangoni, kwenye fremu, pale chini. Kuna mistari ya chaki, mingi, mmoja juu ya mwingine karibu pale pale. Kila siku akifika anajipima kuona kama amekua afikie.

Nimeandika hiyo sentensi mara tatu na bado mkono unanitetemeka.

Jumatano niliomba ruhusa, nikaenda shuleni. Nikaambiwa kuna masomo ya ziada ya mchana, kuanzia saa saba mpaka saa tisa na nusu, shilingi 500 kwa siku. Nikaomba nione. Darasa limejaa, ubaoni kuna hesabu za kujumlisha, nusu ya watoto wameinamia madawati wamelala, mmoja anatafuna kola ya shati, na mwalimu peke yake anasahihisha madaftari ya darasa jingine. Simlaumu. Aliniambia ukweli: "Mama, hawa wamechoka, hawashiki kitu. Lakini angalau wako ndani ya uzio."

Maneno hayo nimeondoka nayo. Kwa sababu uzio ndio ninaoutaka hasa. Simtafutii mwanangu masomo mengine, ameshasoma tangu saa moja na nusu asubuhi. Nataka mtu mzima aliye macho, bakuli la kitu cha moto, mahali pa kujinyoosha, halafu acheze, ajifunze kitu cha mikono kama kipo. Sasa naona kila kinachofanyika shuleni baada ya kengele kinaitwa tuisheni, na kwa sababu kinaitwa tuisheni lazima kuwe na ubao na hesabu, hata kama mtoto amelala.

Naomba kuuliza. Kuna shule yoyote, hasa ya serikali, inayokaa na hawa wadogo mchana kwa kuwalea? Wameanzaje? Nani anabaki nao? Mnalipa nini? Mtoto akiumia nani anajibu? Na je, inaruhusiwa?

Mdau Kinyerezi

Pole sana dada. Hiyo ya chaki imeniumiza. Kwa ushauri wangu jibane umtafutie shule ya kulipia yenye basi, wanawarudisha jioni. Au kama kuna ndugu wa kukusaidia ada, mpeleke bweni mpaka akue kidogo, utafanya kazi kwa amani.

Mwalimu wa La Kwanza

Dada yangu, pole. Nimefundisha darasa la kwanza na la pili miaka 19, wilaya ya Temeke, nimeshawakuta watoto wa ufunguo shingoni wengi. Wengine tunawajua kwa alama ya kamba.

Nianze na bweni, kaka yangu hapo juu. Tangu Machi 2023 waraka wa Kamishna wa Elimu umezuia bweni kuanzia awali mpaka darasa la nne, isipokuwa kwa kibali maalumu. Na mimi naunga mkono. Mtoto wa miaka sita anatakiwa kulala karibu na mtu wake. Vituo vya kulelea watoto mchana navyo, vile vinavyosajiliwa na ustawi wa jamii, vimewekwa kwa ajili ya wale ambao hawajafika umri wa shule. Huyu wako ameshavuka. Kwa hiyo yuko pale katikati: kituo kimemwacha, na shule inamwachia saa sita. Wewe hujazembea kitu, ni mahali ambapo hakuna mtu aliyewekwa.

Kwa nini wanatoka mapema? Vipindi vyao ni vya dakika 30, na huo ndio uwezo wa kichwa cha umri ule. Ukiwashika na ubao mpaka saa tisa utapata ulichokiona: wamelala. Sababu ya pili hapa Dar ni vyumba. Shule nyingi zina mikondo miwili, wa asubuhi wakitoka wa mchana wanaingia kwenye dawati lile lile. Ukienda kumwomba mwalimu mkuu "mbaki nao", kitu cha kwanza atakachowaza ni wapi atawaweka. Nenda ukiwa na jibu la hilo.

Sasa nikuambie tulivyofanya sisi. Ilianza mwaka 2018 kwa sababu ya mtoto mmoja aliyekuwa anakaa getini mpaka jioni. Mlinzi wetu, mzee mmoja mwema, alikuwa anamgawia muhogo wake. Siku moja mlinzi aliumwa, hakuja, tukamtafuta mtoto mpaka saa mbili usiku. Alipatikana salama. Wiki ile ile tukakaa.

Jambo halikuanza na mwalimu mkuu, lilianza na kamati ya shule. Wazazi walileta hoja, ikaandikwa kwenye muhtasari, afisa elimu kata akapewa nakala. Tukasema wazi kwamba ni hiari. Elimu ni bila ada tangu 2016, na mchango hauwi lazima. Hakuna mtoto wa kurudishwa kwa sababu mzazi hana. Ukiliweka hivyo tangu mwanzo, hakuna atakayekuja kusema mnawatoza watu.

Walezi walikuwa mama wawili wa mtaa ule ule. Walichaguliwa na wazazi, na mwenyekiti wa serikali ya mtaa anawafahamu. Walimu hawakuwekwa. Mwalimu amechoka kama watoto, na akibaki mwalimu, baada ya wiki mbili ubao unarudi. Zamu yetu sisi ilikuwa moja tu: kila siku mwalimu mmoja anabaki ofisini, akihitajika anaitwa.

Saa sita na nusu wananawa, wanakunywa uji. Uji wenyewe wa dona na karanga za kusaga, sukari kidogo. Halafu wanalala kwenye mikeka, chini ya miarobaini, mpaka saa nane. Usidharau usingizi huo. Mtoto aliyelala saa nzima mchana, jioni ana adabu, muulize mama yeyote. Wakiamka ni michezo: rede, kombolela, kuruka kamba, mdako. Siku mbili kwa wiki kazi za mikono, udongo, magari ya makopo, na mmoja wa wale mama alikuwa mtu wa Rufiji, akawafundisha kusuka ukili. Kipindi wakubwa wanapojiandaa na UMITASHUMTA, yale mashindano ya michezo ya shule za msingi, wadogo wanakaa pembeni ya uwanja kuwashangilia, na hiyo nayo ni shughuli tosha.

Nikupe mfano mmoja. Nilikuwa na binti ambaye darasani kuhesabu kwake kulikuwa kunakwama kumi na mbili. Nimemwekea vijiti, vizibo, maharage, hakuna. Siku moja napita kwenye mikeka namwona anacheza mdako. Anarusha jiwe juu, anachota kokoto kwenye shimo, anarudisha, anaacha mbili, anadaka. Na anahesabu kwa sauti ili mwenzake asimwibie. Alifika ishirini na nne. Nilisimama pale sikusogea, nikaogopa nikimwita ataacha. Kesho yake nikaingia darasani na kokoto.

Makosa tuliyafanya pia. Muhula wa kwanza mtoto alichukuliwa na mjomba wake bila sisi kujua, mama amekuja saa kumi na moja mtoto hayupo, ilikuwa fujo. Tangu hapo tukawa na daftari: jina la mtoto, namba mbili za simu, majina ya wanaoruhusiwa kumchukua, na saini kila siku. Mlezi hatoi mtoto kwa mtu asiyeandikwa, hata akiwa na sura moja na mtoto. Kwenye daftari hilo hilo andikeni pia akiumia afanyiwe nini: anapigiwa nani kwanza, na anapelekwa zahanati gani. Wazazi wote wasaini kwamba wamesoma. Hiyo ndiyo itakayokujibu swali lako la nani anajibu.

Na waliokosa hela, wapo kila shule, wawili watatu. Kwetu mmoja alikuwa analeta kuni, mwingine anakuja Ijumaa kuosha masufuria. Hakuna mtoto aliyejua nani analipa nini.

Neno la mwisho. Wazazi wenyewe ndio watakaotaka kuliharibu. Mwezi wa pili walinijia: mwalimu, kwa kuwa wapo, si wafundishwe kusoma kidogo? Nilikataa, na nilinuniwa. Wewe ukishaanza, simama hapo hapo.

Mkaazi wa Ng'ambo

Assalaam aleikum. Mimi naandika kutoka Unguja. Huku kwetu skuli za mjini nyingi nazo zina mikondo miwili, na zinazojengwa sasa za ghorofa ni kwa ajili ya kuipunguza hiyo. Lakini mtoto wa Kizanzibari hakai barazani, kwa sababu akitoka skuli ana chuo, yaani madrasa. Wangu anaingia chuoni saa nane, anatoka saa kumi alaasiri. Hapo baina yake anakula kwa bibi yake, na chuo chenyewe ni nyumba ya nne kutoka kwetu. Sikupata hata siku moja kuiona hiyo kuwa ni huduma ya kulea watoto. Ni chuo tu. Nimesoma uliyoyaandika dada ndipo nikatambua kuwa chuo ndicho kilichonilelea wanangu watatu nikiwa kazini bandarini.

Kama wewe ni Muislamu, Tabata madrasa zipo, uliza msikitini. Ila usimpeleke tu kwa kuwa pana mlango. Nenda ukakae saa moja. Angalia ustadhi ana watoto wangapi, maji ya kunywa yapo, choo kipo, na uliza suala la bakora waziwazi. Mimi wa kwanza nilimtoa chuo kimoja kwa ajili hiyo, nikampeleka kwa mwalimu mwanamke, na yeye ndiye aliyewafunza hadi wakahitimu. Ijumaa anawapigisha dufu, mikono yao midogo hata haitoshi, lakini nyumbani kila sinia ni dufu sasa.

Na alivyosema Mwalimu kuhusu daftari la kumchukua mtoto ni kweli kabisa. Hata chuoni tumeliweka.

Mzazi wa Likoni

Pole mamangu. Huku Kenya, kanuni za elimu ya msingi za mwaka 2015 zimeweka saa kwa maandishi: shule za kutwa masomo ni saa mbili asubuhi hadi saa tisa na nusu, halafu michezo na vilabu hadi saa kumi na moja kasoro robo. Na sheria ya 2013 imepiga marufuku masomo ya ziada wakati wa likizo. Utekelezaji ni vita, nisikufiche. Lakini nilipokwenda kumlalamikia mwalimu kwamba saa ya mpira imegeuzwa hesabu, nilikuwa na kitu cha kumwonyesha. Sheria yenyewe inasema ni saa ya mpira. Ninyi mkianzisha lenu, andikeni saa na andikeni ni za nini. Saa isiyo na jina huchukuliwa.

Shangazi wa Göteborg

Nimesoma hii nikiwa kazini, nikangoja watoto walale ndipo nijibu. Mimi ni Mtanzania, mzaliwa wa Tanga, naishi Sweden mwaka wa kumi na moja, na kazi yangu ndiyo hiyo hiyo unayoitafuta. Nafanya kazi fritids, yaani sehemu ya shule inayobaki na watoto masomo yakiisha.

Hapa sheria inaidai halmashauri impe nafasi kila mtoto ambaye wazazi wake wanafanya kazi au wanasoma, kuanzia miaka sita mpaka majira ya kuchipua ya mwaka anaotimiza 13. Tunafungua asubuhi kabla ya kengele, tunapokea tena mchana, na likizo za shule tupo. Malipo yana kikomo: mtoto wa kwanza asilimia 2 ya kipato cha nyumba, wa pili 1, wa tatu 1, wa nne bure. Wanaoongoza wamesomea chuo kikuu miaka mitatu, na wanachosomea ni mchezo, sanaa na namna ya kukaa na watoto. Wakuu wa shule huku hawashangai mtoto akiwa anapaka rangi saa tisa alasiri. Ndiyo kazi aliyojia.

Najua utasema, shangazi, hiyo ni nchi tajiri. Ngoja nikuambie ilivyoanza. Mwaka 1887, Stockholm, mama mmoja aitwaye Anna Hierta-Retzius alifungua nyumba ya kazi za mikono kwa watoto wa maskini ambao wazazi wao walikuwa vibaruani kutwa. Watoto walikuja baada ya shule, wakafundishwa kusuka vikapu, kushona, kutengeneza viatu, wakapewa chakula. Ni hayo tu. Nilipofundishwa historia hiyo chuoni nilimkumbuka mama yangu kule Ngamiani, alivyokuwa anatukusanya sisi na watoto wa jirani tumsaidie kufuma vitambaa vya makochi, huku sufuria la kunde liko jikoni. Kwa hiyo Mwalimu na ukili wake, na wewe na cherehani yako, mnaanzia pale pale walipoanzia wao.

Jambo moja la kazini. Mtoto akifika kwangu mchana simuulizi leo umejifunza nini. Namuuliza una njaa? Ukiwa na mlezi, mwambie aanze na hilo.

Mama wa Tabata

Nimerudi. Nimekaa kimya mwezi na wiki moja kwa sababu nilitaka nirudi na kitu.

Kwanza, kesho yake baada ya kuandika nilimlipa fundi ashushe komeo langu. Mwenye nyumba aligoma mwanzo. Nikamwonyesha ile mistari ya chaki, akanyamaza, akasema haya.

Pili, nimefuata njia ya Mwalimu hatua kwa hatua. Nilisimama getini saa sita Ijumaa mbili mfululizo (tajiri amenikata, sawa) nikiwauliza wazazi na dada zao wanaokuja kuchukua watoto. Wa kwanza kunikubalia alikuwa baba mwendesha bajaji ambaye mtoto wake anakaa naye kwenye bajaji kutwa nzima, amelala kiti cha nyuma na abiria. Tukawa watano, tukawa tisa, sasa tuko kumi na moja. Tukaandika barua kwa kamati. Swali la kwanza la mwalimu mkuu lilikuwa lile lile: wapi? Nikamjibu, chini ya mwembe nyuma ya jiko, na mvua ikinyesha kwenye veranda ya stoo. Alinitazama, akauliza, wewe ni mwalimu? Nikasema mimi fundi.

Ametukubalia mpaka likizo ya Juni, kisha kamati itakaa tena. Mlezi tumempata ambaye sikumfikiria kabisa. Ni mama anayeuza vitumbua na maandazi mbele ya geti. Biashara yake inaisha mapumziko ya saa nne, watoto wote anawajua kwa majina, na anajua hata nani anaficha hela ya daftari akanunue ubuyu. Mwenyekiti wa mtaa ameandika jina lake. Wa pili tunaendelea kutafuta, kwa sasa mama mmoja asiye na hela ya kuchangia anakuja kusaidia siku tatu. Tunatoa shilingi 700 kwa mtoto kwa siku, uji ndani yake. Ni zaidi ya yale masomo ya ziada, na wazazi wawili walijitoa kwa sababu hiyo. Sikuweza kuwazuia. Mmoja wao mtoto wake bado namwona getini.

Lile la kuambiwa "wafundishwe kidogo" limekuja wiki ya pili tu, Mwalimu, hata mwezi halikungoja. Nimesimama.

Tatu, mito. Watoto walikuwa wanalala kwenye mikeka vichwa kwenye mabegi, na mimi picha hiyo siwezi kuiona tena. Dukani vipande vya tetroni vinavyobaki baada ya kukata hutupwa. Nimemwomba tajiri, kanipa kiroba kizima. Usiku nashona mito, najaza vipande vile vile vidogo vidogo ndani. Rangi zote za shule za mji huu zimo: bluu ya bahari, kijani, kijivu, damu ya mzee. Nimeshapeleka saba. Yule mama wa vitumbua ananiambia kila aliyepata ana wake na hawachanganyi. Wangu amechukua wa damu ya mzee, na akiamka anaukung'uta mchanga kabla hajauweka kwenye kiroba.

Imebaki minne, na watoto wanne ambao hawajapata wanalala wawili wawili na wenzao kwa sasa. Natarajia kuimaliza kabla ya Jumatatu. Mwalimu, ukisoma hapa, naomba uniandikie vipimo vya ule uji wa karanga kwa watoto kumi na moja. Wetu unakuwa mwepesi, saa tisa wana njaa tena.